Koti la Idrisa

Eastleigh, Nairobi
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha uwani, goti limetulia, na yule jogoo wa jirani bado hajachinjwa kwa makelele yake. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haijanizoea wala mimi sijaizoea. Kazi ya kwa dobi inaendelea. Siku nzima nanyoosha mashati ya watu nisiowajua, na kwa shati tu naweza kukwambia nani ana mke na nani anadanganya kuwa hana.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu yako, Mama, inashikwa na Rehema kuliko unavyoishika wewe, na haya sitaki mdogo wangu ayasikie kabla wewe hujayamaliza. Barua nampa dada mmoja anayerudi Tanga kwa basi. Vaa miwani, funga mlango, usome mwenyewe. Mjomba Mbwana akitaka akusomee, mwambie ni mambo ya wanawake.

Ulinituma nimchunguze Idrisa, huyu kijana wa Maramba aliyemposa Rehema. Ulisema Mjomba, ambaye ndiye mshenga, amekuhakikishia kuwa kijana anafanya kazi kwenye lile jumba refu la mikutano la Nairobi, tena ana ploti yake mjini, na kwamba wazee wanataka jibu kabla ya Ramadhani. Ukaniletea na kadibodi iliyobandikwa picha nne, mbili juu, mbili chini: Idrisa mbele ya jumba la mikutano, Idrisa na garimoshi la zamani kwenye makumbusho ya reli, Idrisa anamlisha twiga, Idrisa kando ya ziwa la Uhuru Park. Koti la buluu, tai nyekundu, meno yote nje.

Mama, picha za namna hiyo mimi nazijua. Miaka tisa iliyopita Mjomba alileta picha ya Salimu ameegemea gari jeupe, nayo ilibandikwa kwenye kadibodi, na picha hiyo ndiyo iliyoniozesha. Nilipofika Nairobi nikakuta Salimu ni wa kuliosha lile gari, si wa kuliendesha. Miaka mitatu sikumpa amani. Kila nikimwita mwongo alinijibu neno moja tu, "Niliandika, Mwanaidi," na mimi nikaona hata kujitetea hajui. Talaka niliidai mwenyewe. Kwa hiyo usishangae nilivyoipokea kadibodi yako. Niliipeleka dirishani nikaitazama mbele na nyuma kama noti ya bandia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni koti. Mahali panne, koti lile lile. Halafu kwenye pindo la mkono wa kushoto kulikuwa na uzi mwekundu. Huo ni uzi wetu madobi, tunautia kwenye nguo ya mteja isipotee, na mwenye nguo huutoa akifika kwake. Nani anayevaa koti mara nne asiutoe? Anayejua si lake. Nikajisemea, huyu ni dobi mwenzangu, anatamba na nguo za watu.

Jana Jumapili nikatoka. Miaka yote hii, Mama, nilikuwa sijautembelea mji huu kwa kuutazama tu. Nilianza na jumba la mikutano. Ni la mviringo, refu la kukuuma shingo, na watu hupanda hadi juu ya paa kuangalia mji. Nikapanda nami. Wenzangu walikuwa wakionyeshana mbuga ya wanyama kule mbali, mimi nikawa namwonyesha mlinzi kadibodi. Akaitazama, akanitazama, akaniuliza kama huyu mtu kanikimbia. Akasema wafanyakazi wa humo ndani anawajua, na huyo si mmoja wao. Nikashuka nikamuuliza na dada wa mapokezi, naye hamjui. Nilifurahi, Mama, sikufichi. Nilifurahi kama mtu aliyemfumania mwizi na kuku mkononi.

Kwenye makumbusho ya reli nilipita kati ya vichwa vya garimoshi vyeusi, vikubwa kama nyumba, nikasimama pale pale aliposimama yeye. Mzee mmoja anayefagia pale alimjua kwa sura. Alisema huja na watu, anawapanga, kisha wanaondoka. Anawapanga kwa ajili gani, sikuuliza, maana kichwani mwangu nilikuwa nimeshamfunga jela. Twiga nikamwacha, yuko mbali na hana la kunieleza.

Uhuru Park ndipo nilipompata. Watu wametandika mashuka kwenye majani wanakula, wengine wamo kwenye viboti ziwani wanapiga kelele za raha. Kando ya maji walikuwapo wapiga picha, kamera shingoni. Mmoja wao alikuwa anamvisha mzee wa watu koti la buluu. Koti lile lile, na uzi wake. Mzee akajinyoosha, akapigwa picha, akavuliwa, akavishwa mwingine. Kumbe ni koti la wateja, Mama, kwa asiye na koti anayetaka kupeleka picha nzuri kwao. Na mpiga picha alikuwa Idrisa.

Nikajifanya mteja. Akaniambia nisogee kulia kidogo, tena nisiikazie kamera macho namna ile, haijanikosea. Nikaona hajui mimi ni nani. Nikaitoa kadibodi mkobani nikamwekea mbele ya pua, nikamwambia mimi ni dada yake Rehema. Nilitegemea atimue mbio. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniamkia, akaigeuza, akakuta nyuma kadibodi tupu.

"Dada, mbona zimebandikwa?" akasema. "Nyuma niliandika."

Nilikaa kwenye majani pale pale, na yeye akadhani ni jua.

Leo asubuhi, kabla mwenye kazi hajafika, niliwasha pasi ya mvuke nikazibandua moja moja. Nyuma ya jumba la mikutano ameandika: "Rehema, hapa ndipo kazini kwangu. Si ndani, ni nje, chini ya ngazi." Nyuma ya garimoshi: "Koti ni la wateja. Nimelivaa nisikutie aibu kwa mama." Nyuma ya twiga: "Nakaa ploti moja na mafundi viatu, chumba changu kimoja." Nyuma ya ziwa: "Ukinitaka hivi nilivyo, nijibu mwenyewe."

Sasa nisikilize. Huku Nairobi ploti si kiwanja, Mama. Ni nyumba ya vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, choo cha wote. Mjomba akalielewa neno hilo kwa Kitanga chetu, akautangazia mtaa wetu mzima wa Chumbageni kuwa kijana ana ardhi. Kosa hilo namsamehe, angelifanya mtu yeyote wa kwetu. Lakini neno lenyewe aliliokota nyuma ya twiga. Basi alisoma kwanza, ndipo akabandika. Akachukua ploti, akaacha chumba kimoja.

Nilikuwa nimekuja na picha ya Salimu pia, nimeifukua sandukuni usingizi ulipokataa. Hiyo ilibanduka kwa taabu. Wino umefifia lakini unasomeka: "Gari ni la tajiri wangu, mimi naliosha. Usije ukasema sikukwambia."

Nililia juu ya meza ya kupigia pasi mpaka shati la mtu likalowa. Aliandika kweli, Mama. Miaka mitatu aliniambia ameandika, na mimi nilimfukuza kwa uongo usio wake. Siku hizi ana mke na watoto, na wala sijui nitamwombaje radhi.

Jibu langu kuhusu Idrisa ni hili: si tajiri, hana kiwanja, na mwongo si yeye. Picha nimezitia humu bila kadibodi. Mpe Rehema azisome nyuma, ajibu mwenyewe. Akimkataa, amkatae huyu wa kweli.

Nisalimie Shangazi anayepika shuleni Raskazone, Baba Mdogo muuza nazi, na Bi Tatu aliyetusomesha Kurani. Mjomba Mbwana usimpe salamu yoyote, zake nitampa uso kwa uso.

Na neno moja la mwisho, nisamehe kwa kulisema. Pasi ilipopata moto, gundi ilinukia karafuu. Uji wa unga wa ngano na karafuu ya kusaga, ili mende wasile, ndiyo gundi uliyotupikia tukijalidi madaftari ya shule. Ilinukia kwenye picha za Idrisa, na ikanukia kwenye ya Salimu. Mjomba hajapata kupika hata chai. Naomba uniambie, Mama: alipokuwa anabandika, wewe ulikuwa umeshasoma?

Nangoja, mimi mwanao,
Mwanaidi