Tabitha, Tulikuzika Sote

Rafiki yangu Tabitha,

Huku Molo baridi haijapungua, na pareto imechanua mpaka karibu na kaburi lako. Jana nilikuja kupalilia. Sikumaliza. Nilikaa chini tu.

Unakumbuka askari wa serikali walipompakia mume wangu kwenye lori kumpeleka kizuizini, wakidai amekula kiapo cha waasi. Wenzangu Wakatoliki walishikwa na hofu, hakuna aliyekanyaga kwangu. Wewe Mprotestanti, ambaye mume wako alikuwa ameshachukuliwa, ndiwe uliyeingia na sufuria ya uji. "Agneta, kunywa kwanza, halafu tuombe." Nikakuuliza tutaomba kwa namna ya nani. Ukasema, "Tuanze Baba Yetu. Pale ninyi mnapoishia, yale yetu ya kuongeza nitayasema polepole." Tulicheka, Tabitha. Siku ile ya kilio, tulicheka.

Kisha kifua kikakubana. Ulipotuacha, mwalimu wa kanisa lenu alinyimwa ruhusa ya kutoka Nakuru. Nikamwendea mzee Lukas, katekista wetu. Akasema, "Mama, nimekatazwa kuomba na watu wa upande ule." Nikamwambia, "Basi njoo ushike jembe tu."

Alikuja. Alichimba mpaka shati likalowa. Tulipokushusha, wanawake wenu walianza wimbo, machozi yakawashinda. Hapo mzee Lukas akavua kofia, akaomba kwa sauti. Hakuna aliyeuliza ni sala ya nani.

Padre alimwita akamkaripia. Yeye akajibu, "Nilimzika Mkristo." Mpaka leo hajarudishiwa kazi ya kufundisha dini. Lakini siku hizi nyumba yoyote ikipata msiba, pande zote mbili zinakuja na kuni na unga, na yeye ndiye anayetangulia.

Mwanao Rahabu sasa anatembea. Analala nami. Wengine wananishauri nimbatize kwetu, maana hupo wa kukataa. Ndiyo maana siwezi. Jumapili nikitoka misa nambeba mgongoni hadi kanisani kwenu, tunakaa benchi la nyuma. Nyimbo zenu sizijui. Yeye anapiga makofi, mimi namshika asianguke. Ana pua yako, na mara nyingine siwezi kumtazama.

Pumzika, dada yangu. Sijui wanaume wetu watafunguliwa lini. Ila baba yake akirudi, nitamkabidhi binti aliyelelewa katika kanisa la mama yake.

Mimi wako,
Agneta