Kwa Mama Mateke, Uliyezipa Sauti Filamu za Kale

Mwaka umezunguka, mke wangu, tangu Jumamosi ile ya tarehe tisa Juni, alasiri, moto ulipozuka nyuma ya pazia la ukumbi wa video nawe umeshika kipaza sauti.

Tangazo hili litasomwa na wengi, basi wasiokujua wajue: wewe ndiye uliyekuwa ukitafsiri filamu za kale za kung fu, papo hapo, watu wakitazama. Mzee mwenye ndevu nyeupe ulimpa kikohozi. Adui ulimpa pua iliyoziba. Wakakubandika jina la Mama Mateke, na hali nyumbani hata mbu ulikuwa unampisha.

Ulikuwa na msimamo wako. "Hizi mpya wanakatakata picha, huoni hata mguu umetokea wapi," ulikuwa ukisema. "Tazameni za kale. Mtu anapigana na mwili mzima, kuanzia kisigino." Filamu nzuri kwako ilikuwa ile ambayo mwanafunzi anachoteshwa maji kwanza mpaka anachukia, ndipo anafundishwa ngumi. Ile ya mtawa kipofu na ufagio wake, kila alipomuaga mwalimu ulilia. Mimi kibandani kwangu, ng'ambo ya barabara, nashona viatu, nakusikia unapenga kamasi kwenye spika.

Wapiganaji wakisimama kutazamana tu, upepo unavuma, hukutaka watu wasinzie. Ulituma salamu. "Baba watoto, mshona viatu wangu, naona wingu huku. Kaanue nguo." Ukumbi mzima kicheko, nami nainuka.

Sasa kuna jambo sijui nilisemeje. Rekodi zako bado zinachezwa kumbi nyingine. Mwezi uliopita nilikuwa napita na mfuko wangu wa soli, nikasikia kwenye spika ya ukumbi mmoja: "Baba watoto, kaanue nguo." Jua linawaka, wingu hakuna. Nikajiambia, hayo ni ya zamani. Lakini miguu ikanipeleka nyumbani yenyewe. Nilipoingia na shati la mwisho, mvua ikamwagika kama imefunguliwa. Dada yako akanitazama. "Shemeji, nani kakwambia?" Nikampa shati akunje.

Ulimwonya bwana ukumbi kuhusu zile nyaya. Nilikuwepo. Ulimwambia zinanuka, akakujibu, "Wewe tafsiri, umeme niachie mimi." Tukamwachia. Na mlango wa nyuma, ule wa karibu na kiti chako, akautia kufuli kwa nje ili wasiolipa wasipenye.

Siku ile kwenye skrini hekalu lilikuwa linaungua. Walionusurika wamenisimulia. Ulipopaza sauti, "Moto! Tokeni!" walishangilia. Walidhani unatafsiri. Mwingine akakujibu, "Choma, Mama Mateke, choma!" Kisha ukatoa sauti ya yule mzee mwenye ndevu, pamoja na kikohozi chake, ukasema: "Wanafunzi. Somo la leo ni kutoka. Shikaneni mashati, wazee watangulie, mlango wa mbele." Wakainuka wote, kimya, kama darasa. Umeme ukakatika, spika yako ya betri ikaendelea kuwaita gizani mpaka wa mwisho akaliona jua. Pale nje walitazamana, kila mtu akamwona mwenzake. Ulikosekana wewe tu.

Kamati ya kuuchunguza moto ikakaa, na viti vyake vya kuzunguka. Ikaandika kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwamba "marehemu alichelewa kutoka kwa ubishi wake mwenyewe." Asiyekuwepo na lake halipo. Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini kufuli nalijua nikiliona, na nililiona likining'inia pale mlangoni, limefungwa, jeusi kwa moshi. Nikauliza ufunguo alikuwa nao nani. Mkubwa mmoja akaniambia, "Mzee, nenda ukapumzike." Nimepumzika mwaka mzima, na sijapoa.

Kinasa sauti chako kilikutwa chini yako, kizima. Fundi redio akatuchezea sebuleni. Tukasikia somo la kutoka. Tukasikia miguu ya watu ikipungua, ikaisha. Kikabaki kishindo cha moto, na pumzi yako. Kisha ukasema, taratibu, kwa sauti yako mwenyewe ya nyumbani:

"Shikamoo. Kumbe na wewe umo humu? Haya, nipe mkono. Hapana, tangulia wewe."

Ukacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa. Basi.

Wakubwa wamesema ni moshi, moshi unachanganya akili. Sawa. Lakini wazee wote ulikuwa umeshawatanguliza, nao wanaapa hakuna aliyerudi ndani. Bwana ukumbi ni rika la kitindamimba wenu, hukuwahi kumwamkia hata siku moja. Mama yangu aliposikia aliomba ichezwe tena, kisha akasema, "Shikamoo haiachwi hewani hivyo. Huyo aliitikiwa, ndiyo maana akacheka." Binti zetu tangu siku ile hawakai sebuleni peke yao.

Kama wewe unayesoma hapa ndiye uliyepewa mkono, hatukudai kitu. Hatutakushika shati. Jitokeze tu uwaambie wale wa kamati kwamba mke wangu hakubisha, alibaki akikutoa.

Tunaokukumbuka: mimi mumeo mshona viatu, binti zako wawili, dada yako, mama mkwe wako uliyemwita "mwalimu mkuu", na wote waliotoka wameshikana mashati. Tukiwa hai hutatoka midomoni mwetu.

Ila tuambie, mama watoto, kama kusema bado unasema: ulimwamkia nani?