Mwanangu Anasema Nimemkalia Baba Yake

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi iweke, utawapa wengine. Naomba msaada, ila usinione mtu wa kuombaomba, mimi Baltazar Sulle najulikana kuanzia Gitting mpaka Namanga, nabeba viazi na vitunguu saumu kwa lori langu mwenyewe tangu biashara ilipofunguliwa kila mtu akauze anakotaka, shule niliishia darasa la tano lakini naongea na Wakenya, Wasomali na hata Mzungu mmoja aliyepasukiwa na tairi njiani, tukaelewana vizuri tu. Kijijini kwetu mimi ndiye wa kwanza kuleta televisheni na makochi yenye maua, watu walikuwa wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sasa niambie, mtu kama mimi anashindwaje na kigoda?

Wiki iliyopita nilifika nyumbani asubuhi bila taarifa, maana kwetu mtandao mpaka upande kule kanisani, lori nikaliacha barabarani kwa ajili ya tope, nikapanda kwa miguu na mkate wangu mkononi. Nafika mlangoni, jua ndiyo kwanza linagusa Mlima Hanang, nasikia wanangu kwa pamoja, "Shikamoo baba!" Moyo ukajaa, nikajibu kwa sauti ya honi, "Marahabaa!" Hakuna aliyetoka kunipokea mkate.

Nikaingia, nikaganda. Mke wangu Getruda na watoto watatu wamekaa kwenye jamvi na vikombe vya uji, wote wameelekea kigoda cha miguu mitatu nilichorithi kwa marehemu baba yangu, na mbele ya kigoda kuna kikombe kingine kinatoa mvuke. Juu yake hakuna mtu. Walikuwa wanaamkia kigoda! Nikadhani wataona aibu waache. Wapi! Getruda ananiambia, "Karibu baba Ignasi, subiri kidogo, watoto watachelewa. Endelea Justina." Huyu Justina ana miaka kumi, akanitazama mimi, akatazama kigoda, akachagua kigoda. "Baba, jana mwalimu alinichapa kwa kuchelewa, lakini sikulia." Nimesimama hapo hapo na mkate!

Nikasema potelea mbali, baba mwenyewe si nimefika, nikakikalia. Mtoto wetu wa mwisho Fausta, miaka minne, akapiga yowe mpaka majirani wakatoka: "Mamaa! Mjomba amemkalia baba!"

Mshauri, niliinuka mbio. Nikamwuliza mke wangu, "Getruda, umenizika ningali hai? Huu ni uchawi gani wa asubuhi?"

Akanijibu taratibu huku anakusanya vikombe, "Mchawi gani anapika uji? Mimi nakimbilia shamba, Ignasi akishakama ng'ombe anakimbilia sekondari, Justina shule, hatuonani mpaka jua limezama. Hii robo saa ndiyo tunakuwa watu wa nyumba moja. Kila mtu anamwambia baba ya kwake. Fausta alikuwa anauliza kama ana baba, nikampa pa kutazama."

"Si mngemwonyesha picha yangu ukutani!"

"Ile umesimama na lori. Ukimwuliza baba yuko wapi, anaonyesha lori."

Hasira ikanipanda, nikabeba kigoda nikakirusha kwenye lori nikaondoka, na mkate wangu nao nikaondoka nao, nilikuja kugundua nimefika Babati. Dereva mwenzangu Margwe anasema hayo ni mazindiko, nikichome. Kiberiti ninacho, mkono umekataa. Halafu jana mwanangu Ignasi amepanda kanisani na simu ya mwalimu wake: "Baba, hii asubuhi ya nne Fausta hanywi uji. Anasimama mlangoni na kikombe. Anasema baba amechukuliwa na yule mjomba wa lori."

Mimi niliyechekesha maaskari wa mpakani nikazima injini nikalia, Margwe akadhani gari limenifia. Nikichome? Nikirudishe? Au ninunue viti sita vya plastiki tusahau yote? Jina langu andika lote, sina cha kuficha.

Baltazar Sulle, njiani

MSHAURI ANAJIBU

Baltazar, marahaba, nimekuzidi, na leo utanisikiliza.

Kwanza pole. Kuitwa mjomba na damu yako mwenyewe ni pigo, nami nilipofika hapo niliweka barua chini kwanza. Lakini baba, ulitaka mtoto akujue kwa lipi? Kwa makochi? Nimesoma barua yako mara mbili kutafuta siku ulizokaa na Fausta, nimekuta viazi.

Tena unathubutu kumwita mkeo mchawi. Mwanamke ana shamba, ng'ombe na watoto watatu, na kila asubuhi anakata robo saa ili wewe usifutike. Kiti chako kiko, uji wako uko, shikamoo yako iko. Wangapi wanaporudi hukuta hata jina lao halitajwi? Wewe umekuta nafasi yako imetunzwa, ukaipakia kwenye lori!

Viti vya plastiki sahau. Kiberiti mrudishie Margwe, na ushauri wake pia.

Geuza gari leo. Kigoda usimpe kondakta wa basi, kibebe kwa mikono yako, na ufike saa ya uji. Kiweke pale pale kilipokuwa. Usikikalie! Kaa kwenye jamvi na wenzako. Mwombe mkeo msamaha, watoto wakisikia, bila mzaha, najua mzaha ndio utakaokimbilia. Zamu yako ikifika, useme ya kwako kama Justina alivyosema ya kwake. Sema ulilia njiani. Ukae hapo kila asubuhi, wiki mbili kama ni lazima, viazi havina miguu, mpaka Fausta mwenyewe akuambie ukae juu ya kigoda.

Baada ya hapo chagua asubuhi tatu za kila wiki na upange safari kuzizunguka hizo. Asubuhi unazokosa, Getruda aendelee na kikombe chako kama kawaida. Na ile picha ya ukutani ishushe, mkapige nyingine Katesh, nyinyi watano, bila gari.

Huyo mjomba wa lori mshushe pale barabarani penye tope. Kilima apande baba.