Salamu ya Kifundo cha Mkono

Kasha, Bukavu
Jumapili mchana

Mama yangu,

Uko namna gani? Na mgongo, umekubali tena kuinama shambani? Mimi mwili ni mzima. Barua hii anakuletea dereva mmoja anayethubutu kushuka hadi uwanda wa Ruzizi. Akifika mpe wali ashibe, maana mimi huku mchele wa kwetu Luberizi nauona ndotoni tu.

Je, Zacharie amefika huko? Tangu siku ile askari walipochoma ghala kule tulikokuwa tukiishi mimi naye, tukakimbia kila mmoja na njia yake, sijasikia lolote kuhusu mume wangu. Nakuuliza mapema kwa sababu ndilo swali ninaloamka nalo. Hapa majirani ni wengi, lakini hakuna anayeniita Zawadi. Wananiita Maman Sambaza, kwa kuwa nauza sambaza, hawa samaki wadogo wa ziwa wanaofanana na ndagala wenu. Hata nikicheka, nacheka peke yangu.

Uliniambia nisiache kusali. Sijaacha. Kila Jumatano shirika letu la majirani linakutana nyumbani kwa mmoja wetu. Tunasoma Injili, halafu tunapeana mkono wa amani. Hapo ndipo penye shida yangu. Maman Aline huketi karibu nami, na bwana wake ni askari wa kundi lile lile lililotufukuza. Siku ya kwanza alinyoosha mkono, nami nikampa kifundo cha mkono, kama tufanyavyo viganja vikiwa vichafu.

“Unisamehe, mikono iko na sambaza,” nilimwambia.

Siku hiyo ilikuwa kweli. Juma lililofuata nilikuwa nimenawa, nikampa kifundo tena. Nimefanya hivyo miezi mingi, Mama, na Baba Yetu naisali kwa sauti kubwa kuliko wote. Usinicheke.

Nilidhani kusamehe kutaninyeshea siku moja kama mvua. Wapi! Ni kazi ya kila siku, na mara nyingi narudi nyuma. Mwanzoni hata jina la Maman Aline lilinikwama. Nikaanza kumwombea mtoto wake tu, aliyekuwa na kikohozi. Baadaye nikamwombea yeye mwenyewe, kisha nikamwona na kitenge kipya, moyo ukachemka, nikaacha wiki mbili. Bwana wake bado simwombei, sitakudanganya.

Jumatano iliyopita nilinawa kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikaniwasha. Nilikuwa nimeamua. Wakati wa amani ulipofika, nikanyoosha kiganja. Maman Aline akanipa kifundo.

“Na weye mikono iko muchafu?” nikamwuliza.

“Hapana, maman,” akajibu, akinishangaa. “Nilikuwa nazani njo vile munasalimianaka kwenu Luberizi.”

Mama, alidhani ndivyo ulivyonilea. Nilikishika kile kifundo kwa mikono yangu miwili, nikalia mbele ya shirika zima. Bado sijamweleza.

Unisalimie shangazi Vumilia, aliyenifundisha kusoma, na mdogo wangu Josué anayekusaidia shambani. Wape mkono kwa niaba yangu, kiganja kizima. Na Zacharie akifika, usimwulize neno. Mshike mkono, usimwachie mpaka nifike.

Binti yako asiyekusahau,
Zawadi