Ufunguo wa Mashua Ninao Mimi

Mama na Dada,

Ufunguo wa injini msiutafute, ninao mimi. Niko gatini nakagua mashua. Njooni saa nne, maji yakishajaa. Kabla ya hapo njia ya kuingilia ziwa la mikokoni ni tope tupu. Leteni kofia, maji ya kunywa na maboya ya kuvaa ya watoto. Yako stoo, nyuma ya mlango.

Najua nilifoka mezani. Lakini Baba alimimina chai pembeni ya kikombe, mara mbili, na bado akasema leo anashika usukani mwenyewe. Nilipomwambia haoni vizuri, akanijibu mbele ya Shemeji, "Kalamu haiendeshi mashua, mshairi." Shemeji akacheka. Watoto wake mwenyewe ndio watakaopanda, naye anacheka!

~~Nimeshapata nahodha wa kukodi. Baba akinuna, abaki nyumbani.~~

Hapana. Bila yeye tutapotea. Vijito vyote vya mle ndani anavijua kwa kichwa. Dada, wewe anakusikiliza: mwambie akae mbele, karibu yangu. Yeye aseme kushoto au kulia, mimi nitashika usukani. Nikikosea, anikaripie mbele ya watu wote, nami nitanyamaza.

Kitindamimba wenu