Profesa Kashika Mkia

Shoga, kaa kitako kwanza. Yule mwalimu wa sayansi tunayemwita Profesa leo kaumbuka!

Si aliringa wiki nzima kwamba kapata mtandaoni mchezo wa maswali ya sayansi, wa kujibiwa kwenye kompyuta? Kauchukua bila hata kuyasoma maswali yenyewe, kisha kajiunga ashindane na darasa lake mwenyewe. Mkuu wa shule kasimama nyuma, anatazama.

Mchezo ulipokwisha, matokeo yakamulikwa ukutani. Profesa wa thelathini na tisa!

Wa thelathini na tisa kati ya arobaini, shoga! Wa mwisho ni yule ambaye kompyuta ilimzimikia swali la kwanza.

“Mtandao umekosea,” Profesa akasema.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono, kwa adabu zote: “Mwalimu, mbona sisi tukikosea unasema hatukusoma?”