Viwavi Wakiwa Nyumbani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Ulemo hatujambo. Shangazi yako amepata mtoto wa kiume mwenye sauti ya mnadani. Umeuliza kama muukate mti wenu uliojaa utando wa viwavi. Msiukate kwanza.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nikiwa msichana, mti wenye mzinga wa nyuki wa baba yangu ulijaa utando vivyo hivyo. Kila jioni, tukitoka shamba la pamoja, tuliukata utando na kuuchoma, na majani yakazidi kuliwa. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia baba, "Mzee, kesho tunauangusha, usije ukaambukiza mingine." Asali ya mzinga ule ndiyo iliyokuwa ikimsomesha kaka yangu.

Mimi nilikuwa nimeuchunguza utando. Jioni ulikuwa mwepesi, asubuhi mzito kama kifuko cha mtama. Viwavi walikula usiku na kurudi kulala kulipokucha. Sisi tulikuwa tunachoma nyumba tupu. Asubuhi nikamwita mwenyekiti mtini.

"Shikamoo mwenyekiti. Hebu pima uzito hapa."

"Kwani wamo?"

"Wewe shika tu."

Habari ya manyoya yao sikumwambia. Alijikuna mpaka mchana, lakini mti aliuacha. Tangu hapo tulikata matawi yenye utando alfajiri, tukayachomea mbali na mzinga, na majani yakachipua.

Kwa hiyo chunguzeni kwanza wanarudi saa ngapi, na mjifunge vitambaa mikononi. Msimu ule baba alimpelekea mwenyekiti bakuli la asali. Alilitazama sana, kisha akauliza, "Binti yako ameligusa?"

Bibi yako wa Ulemo